Mama wa munkoyo anafanya spoti, ila saa ya mkononi haimwoni

Siku hizi Kolwezi kuna watu wanaotembea kwa kupenda. Alfajiri, kabla malori ya madini hayajajaa barabarani, utawakuta katika komini ya Manika na ya Dilala wakienda mbio mbio, viatu vya spoti miguuni na saa nyeusi ya mpira mkononi. Saa hiyo inahesabu hatua, inapima mapigo ya moyo na mwishoni inatoa namba ya nguvu iliyochomwa. Asiye na saa ana simu, na simu nayo inahesabu. Wengi wao ni watu wa ofisi, walimu na wafanyabiashara walioambiwa na daktari kwamba presha imepanda au sukari imezidi. Tunawapongeza. Kuamka saa kumi na moja kwa ajili ya moyo wako si jambo dogo.

Barabara hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, inapitwa na watu wengine ambao hawajavaa saa. Ni akina mama wenye bidoni za manjano kichwani, wengine wakienda kutafuta maji ya kunywa na ya kufua, wengine maji ya kupikia munkoyo au kibuku cha kuuza. Ukitoka Kolwezi ukafuata reli kuelekea magharibi, Mutshatsha, Kasaji mpaka Dilolo, zaidi ya kilomita 400, wenye saa wanapungua na wenye bidoni wanaongezeka. Dilolo penyewe, mpakani na Angola, kinywaji cha nyumbani ni sehemu ya uchumi wa mtaa. Mama anauza kwa kikombe, na kwa kikombe hicho analipa karo ya shule.

Kuna utani tunausikia kila mara: mama akipita amejitwika maji, kijana aliyekaa kivulini anamwambia kwamba yeye hana haja ya spoti, anaifanya bila kulipa. Watu wanacheka, mama naye anacheka. Leo tunataka kuuchukua utani huo kwa uzito, maana ndani yake kuna ukweli nusu, na ukweli nusu katika mambo ya afya unaweza kumpeleka mtu pabaya.

Tuanze na nusu iliyo kweli. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima ajishughulishe kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, mwili upate joto na pumzi iende kasi, na pia akaze misuli angalau siku mbili. Mwongozo huo hausemi lazima iwe mpira au kukimbia. Kazi ya shamba, kazi ya nyumbani na safari ya kwa miguu, zote zinaingia katika hesabu. Miaka mingi kabla ya hapo, wataalamu wa lishe waliokutana Roma mwaka 2001 chini ya Umoja wa Mataifa walikadiria ni nguvu kiasi gani mwili unatumia katika kazi za kila siku. Mtu akitembea bila mzigo, mwili wake unatumia nguvu mara 3.2 kuliko akiwa amelala ametulia. Akichota maji au kuokota kuni, ni mara 4.4. Kwa maneno mengine, mama mwenye bidoni anamshinda yule bwana mwenye saa, na amemshinda akiwa na kandambili.

Na kuchota maji ni mwanzo tu. Anayejua munkoyo anajua kazi yake. Mizizi inachimbwa porini au inanunuliwa sokoni, inapondwa mpaka inafunguka nyuzi. Unga wa mahindi unapikwa uji mwingi katika sufuria kubwa, na uji huo unakorogwa kwa mwiko mrefu, mikono miwili, bila kuacha, la sivyo unashika chini. Ukipoa kidogo mizizi inatiwa ndani, na hapo ndipo ajabu inatokea: uji mzito unalegea kuwa kinywaji, kwa sababu mizizi hiyo ina nguvu ya kuvunja wanga. Kisha unachujwa, unaachwa usiku mmoja au mbili. Ukinywewa mapema ni mtamu, watoto wanakunywa. Ukikaa unachacha na kuanza kulevya kidogo. Kwa kibuku kuna kuotesha mahindi au mtama, kuanika, kutwanga. Kwa lutuku kuna yote hayo, na juu yake kuna kuni nyingi, pipa la chuma, bomba, na maji ya kupoza bomba ambayo lazima yabadilishwe kila yanapopata moto. Nani atasema hiyo si kazi ya mwili?

Tupige hesabu ya kawaida. Mama anayetengeneza lita 60 za munkoyo, akiweka na maji ya kuosha vyombo, anahitaji kama bidoni tano za lita 20. Kama bomba au kisima kiko mita 400 kutoka nyumbani, atakuwa ametembea kilomita nne, mbili kati ya hizo akiwa na kilo 20 kichwani. Ni kama hatua elfu sita, kabla moto haujawashwa.

Sasa mvalishe mama huyo saa ya mkononi, uone itakavyosema. Saa hizi hazioni miguu. Ndani yake kuna kifaa kidogo kinachosikia mtikisiko wa mkono, nayo inakisia kwamba kila mkono ukibembea, mguu umeenda. Mama aliyejitwika bidoni ameshika mzigo kwa mkono ulioinuka, mkono haubembei. Hatua zake nyingi zinapotea. Kijana anayesukuma baiskeli iliyojaa magunia ya makala yuko katika hali hiyo hiyo: mikono imebana usukani, saa inadhani amekaa. Lakini mama huyo akikaa kwenye kinu akaanza kutwanga, mkono unaruka juu na chini, saa inaweza kufurahi na kuandika mamia ya hatua ambazo hakuzitembea. Simu iliyofungwa kwenye kitenge kiunoni ingehesabu vizuri zaidi safari ya maji kuliko saa ya bei ghali.

Namba ya nguvu iliyochomwa ndiyo mbaya kuliko zote. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu saa saba za aina mbalimbali kwa watu 60. Mapigo ya moyo, saa sita kati ya saba zilipima vizuri, makosa chini ya asilimia 5. Lakini nguvu iliyochomwa, saa iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa asilimia 27 kwa wastani, na iliyofanya vibaya kwa asilimia 93. Hao walikuwa wakitembea, wakikimbia na kuendesha baiskeli ndani ya maabara. Hakuna aliyekuwa akikoroga uji wa kibuku.

Hata zile hatua 10,000 ambazo watu wanazikimbilia kama sheria ya Musa, tujue zilikotoka. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua, ikakiita kwa jina lenye maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la biashara. Uchunguzi wa wanawake wazee wa Marekani uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku tayari walikuwa wakifa kwa uchache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kuongezeka mpaka karibu 7,500, kisha ikatulia. Kwa hiyo msomaji ambaye saa yake imemwandikia 6,800 jioni asilale na huzuni.

Hadi hapo utani wa yule kijana unaonekana sawa. Mama anafanya spoti, na chombo cha kisasa hakijui kumsoma. Lakini kuna nusu ya pili.

Mwaka 2021 watafiti wa Denmark walitangaza matokeo ya watu 104,046 wa Copenhagen. Waliojishughulisha sana wakati wa mapumziko walikuwa na maradhi ya moyo machache na walikufa kwa uchache. Waliojishughulisha sana kazini, kinyume chake. Hawakuwa wa kwanza kuliona jambo hilo. Maelezo yanayotolewa ni haya: spoti ni ya muda mfupi, moyo unapanda kisha unapumzika, na wewe ndiye unayeamua lini uache. Kazi nzito inaendelea masaa mengi, mizigo inabana misuli na kupandisha presha, na aliyechoka hana ruhusa ya kukaa. Kuna wanaobisha. Uchunguzi mwingine mkubwa, wa watu zaidi ya 130,000 katika nchi 17, Zimbabwe na Afrika Kusini zikiwemo, uliotangazwa mwaka 2017, ulikuta kwamba kujishughulisha kwa aina yoyote, hata kazini na nyumbani, kulienda pamoja na vifo vichache. Sisi tunaona tofauti hii haijaisha, na Copenhagen si Dilolo. Lakini tunaona pia kwamba mwili hauimarishwi na kazi peke yake, unaimarishwa na kazi ikifuatwa na kupumzika na chakula. Uliza akina mama wa munkoyo ni siku ngapi kwa wiki wanapumzika.

Halafu kuna moshi. Mwenye saa anavuta hewa ya asubuhi. Mpikaji wa pombe anavuta hewa ya kuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majikoni uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 peke yake. Anayepika lutuku anakaa mbele ya moto nusu siku, mara nyingi ndani ya kibanda kilichofungwa ili asionekane, kwa sababu kuchemsha pombe kali kienyeji kulikatazwa tangu enzi za Wabelgiji na kazi hii mpaka leo inafanywa kwa kujificha. Katazo halijazima moto hata mmoja tunaoujua. Limeuingiza ndani tu, pamoja na moshi wake na watoto.

Na pipa je? Katika jimbo la migodi hili si swali la mchezo. Mapipa yanayouzwa kwetu yamebeba mafuta, dawa za viwandani, na Mungu anajua nini kingine. Mama anayenunua pipa kuukuu kwa ajili ya kuchemshia pombe aulize lilibeba nini, na kama muuzaji anajiuma midomo, aliache. Bomba lililotolewa kwenye gari bovu nalo si la kupitishia kitu kitakachoingia tumboni mwa mtu. Hakuna mapigo ya moyo mazuri yatakayofuta sumu.

Watembeaji wa Kolwezi nao wasijione wamesalimika. Mwaka 2018 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kuwapima wakazi wa mtaa wa Kasulo, ule ambao madini yalikutwa chini ya nyumba za watu mwaka 2014 na watu wakachimba vyumbani. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo, ya watoto ikizidi ya watu wazima, na vumbi la majumbani limejaa madini. Mtu anayekimbia anavuta hewa mara nyingi zaidi kuliko aliyekaa. Kwa hiyo kukimbia saa mbili asubuhi pembeni ya barabara ya malori ya madini, msimu wa kiangazi, ni kujaza mapafu kile ambacho miguu inajaribu kukitoa. Saa ya mkononi haina taa ya vumbi. Toka mapema, chagua njia ya ndani, na siku upepo ukiinuka fanya mazoezi yako nyumbani. Kutwanga mihogo kwa mke wako dakika 20 kutakutoa jasho kuliko unavyodhani, na heshima yako haitapungua.

Tuje sasa kwenye kikombe chenyewe, maana hatuwezi kusifia kazi ya kutengeneza pombe tukanyamazia pombe. Tumewasikia wanaume wakijitetea: nimetembea sana leo, saa imeandika, nina haki ya chupa mbili. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 73, yenye kilevi cha asilimia 5, ina kilevi cha gramu kama 29. Kila gramu ya kilevi inaleta kalori 7. Ni kalori 200 hivi kwa kilevi peke yake, bila sukari na wanga. Mtu wa kilo 60 anahitaji kutembea kama saa moja na nusu kuzichoma. Au achote maji kwa saa nzima. Basi chupa mbili ni saa tatu za mwendo, au saa mbili za bidoni kichwani, na tunajua nani katika nyumba anakunywa chupa na nani anabeba bidoni.

Munkoyo mchanga ni jambo lingine; huo ni chakula, na tungependa vijana wetu waunywe badala ya soda. Lutuku ni jambo la tatu. Nguvu yake haijapimwa na mtu, inabadilika kutoka pipa hadi pipa, na anayekunywa glasi leo hajui kama ni sawa na ya jana. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha kilevi kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Hatuwaambii akina mama wa Dilolo wafunge biashara zao kesho. Anayesema hivyo aje na biashara nyingine mkononi. Lakini mtengenezaji mwenyewe, ambaye anaonja kila mkupuo ili kujua kama umeiva, ndiye wa kwanza kuumia, na hilo ni vizuri alisikie kutoka kwa mtu asiyekuja kumkamata.

Serikali ya jimbo la Lualaba na makampuni ya madini wanapenda kuzungumza juu ya afya, na siku za spoti zinafanywa kwa fulana na maji ya chupa. Vizuri. Lakini kama tunataka kuhesabu hatua, tuhesabu pia zile zisizo za lazima. Mto Lualaba umewekewa mitambo ya umeme ya Nzilo na Nseke tangu miaka ya 1950, na waya zake zinapita juu ya vijiji vinavyopika kwa kuni. Treni za shaba zinarudi kupita Dilolo kwenda bandari ya Lobito, nazo zinapita karibu na akina mama wanaotafuta maji mbali. Bomba moja la kartie lingemwondolea mama wa munkoyo kilomita zake nne, na hatuamini kwamba angenenepa kwa sababu hiyo. Angepata saa moja ya kukaa.

Kuna na jambo dogo ambalo halingoji bajeti. Vituo vya afya vina mashine za kupima presha. Presha haiumi; mtu anaweza kuwa nayo miaka kumi akijiona ana nguvu za ng'ombe kwa sababu anabeba mizigo kila siku. Huyo ndiye yule kijana wa utani anayemponza: anaambiwa kazi yake inamtosha, basi haendi kupimwa. Tungeomba waganga wakuu wa maeneo ya afya, kuanzia Dilolo, Kasaji hadi Kolwezi, wapeleke mashine hizo siku ya soko pale pale akina mama wanapouza, asubuhi kabla biashara haijachangamka. Kupima mtu mmoja kunachukua dakika chache. Mama akikutwa na 160 juu ya 100, aelezwe, aandikiwe dawa na apangiwe siku ya kurudi, na asiambiwe akafanye spoti.

Na wewe mwenye saa, kesho asubuhi ukimkuta mama na bidoni mbili, moja kichwani na moja mkononi, mpokee ile ya mkononi. Saa yako haitahesabu hatua hizo vizuri, tumeshakwambia.